Lori Lililompita Mama Kimo

Mama aliletwa kwangu Chaani, huku Changamwe, kwa ajili ya macho. Daktari alimpima kwa mashine yake ya kuchungulia, kisha akanivuta kando akaniambia kwamba presha ya macho imeshakula mishipa, na kilichobaki kitakwenda kidogo kidogo. Dawa ya matone ingechelewesha tu. Mama alikuwa angali anaona, lakini kwa tundu moja dogo la katikati, kama mtu anayechungulia chumba cha watu kwenye tundu la ufunguo. Akitazama kikombe, sahani haipo. Akitazama sahani, kikombe anakiangusha. Na hata kwa tundu hilo alitaka mwanga mwingi, na kitu kiwe karibu.

Alipoambiwa hakulia. Alinyoosha leso yake magotini, mkunjo baada ya mkunjo, akasema, "Basi nipelekeni nikamwone mdogo wangu, nimtie machoni kabla hakujawa giza." Hakulirudia. Mama hakuwa mtu wa kurudia neno. Mimi ndiye niliyelirudia kichwani siku nenda siku rudi, nikiwa kwenye cherehani, nikiwa jikoni, nikiwa kanisani wakati wenzangu wakiimba.

Mdogo wake alikuwa kwetu, huko ndani upande wa Kinango, amelala kitandani tangu ateleze akienda kuteka maji na kuvunjika nyonga. Kati ya watoto wote wa bibi yangu walibaki wao wawili tu. Tulijaribu kumpigia simu ya picha. Mama akaona kidevu, kisha akaona paa la makuti, kisha mtandao ukakatika. Akanirudishia simu kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula asichokipenda.

Ingekuwa kiangazi, ningemtia kwenye gari lolote tukaenda. Lakini ilikuwa masika, na masika ya mwaka ule yalikuja na chuki. Kabla ya kufika kwetu kuna mto wa msimu, mchanga mtupu miezi mingi, ambao mvua ikishika huwa hauna simile. Ukivuka mto, kuna udongo mweusi unaokamata gurudumu kama unga wa ugali unavyokamata mwiko. Bodaboda wote walikuwa wamekomea sokoni. Daktari hakuweza kuniahidi kwamba macho ya mama yangesubiri mvua iishe. Nikaichukia mvua. Nilikuwa nikikaa barazani nikiitazama inavyopiga mabati ya jirani, nikiisema kwa sauti, mpaka wateja wangu wakadhani nawasema wao.

Mume wangu alikuwa na lori. Kazi yake ni kubeba mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Mwakirunge, na lori lenyewe alilinunua kwenye mnada wa magari yaliyochoka ya jeshi. Raia haruhusiwi kuendesha gari la rangi ya jeshi, kwa hiyo alilipaka buluu, tena kwa brashi, kwa mkono wake mwenyewe. Kila mvua iliponyesha, ile kijani ya zamani ilijitokeza kwenye kona za milango. Lilikuwa gari la sura ya ukali na moyo wa punda. Nililipenda kuliko nilivyokubali kusema.

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo wageni hulicheka. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hawashikani mikono. Hawali pamoja, na akikutana naye njiani humpisha, macho chini, mpaka apite. Ukristo uliingia kwetu ukaondoa mengi, lakini hili ulilikuta na ukaliacha. Kwa hiyo miaka yote ya ndoa yangu watu hawa wawili walizungumza kwa kupitia mimi, hata wakiwa chumba kimoja.

"Mwambie mama shikamoo."

"Mwambie mumeo marahaba. Muulize ameamkaje."

"Mwambie salama, sijui yeye."

Nami nimesimama katikati na sufuria ya chai mkononi. Siku nyingine nilishikwa na hasira, nikawaambia, "Nyinyi nyote mna midomo, na masikio mnayo." Hawakunijali. Walinisubiri nimalize kufoka, kisha wakaendelea kunituma.

Siku mama aliposema neno lake, mume wangu alikuwa upande wa pili wa pazia, akila. Nilimsikia ameacha kutafuna.  Kesho yake alitoka mapema, na aliporudi jioni lori lilikuwa na matairi mengine sita nyuma, makuukuu, makubwa kupita kiasi, meno yake marefu kama vidole vyangu. Aliyapata kwenye uwanja mmoja wa Changamwe ambako mitambo ya kujenga barabara huvunjwavunjwa ikishazeeka.

"Ya nini haya?" nikamuuliza.

"Ya mtoni," akasema, akaenda kuoga.

Huyo ndiye mume wangu. Mwingine angekuja na maua, au na maneno. Yeye alikuja na mpira.

Siku zile za kufunga matairi nazikumbuka kama mtu anavyokumbuka usingizi wa mchana, ule ambao unasikia kila kitu lakini huinuki. Mvua ilipotulia kidogo, jua lilitoka limelowa. Fundi wa pancha, kijana wa bara aliyehamia Chaani na kompresa yake juu ya mkokoteni, alikuja na mataimbo na nyundo kubwa. Waliinua lori kwa jeki, wakalitegemeza kwa mawe, wakatoa magurudumu yote, likabaki linaelea uani, miguu halina. Kuku wangu wakahamia chini yake siku ile ile. Mimi nilikuwa barazani nashona sare za shule, na mama alikuwa kwenye mkeka kando yangu, uso ameuelekeza kule kwenye kelele.

"Niambie wanafanya nini," alisema.

Nikamwambia. Wanalipiga tairi la zamani liachane na rimu. Wanang'oa ringi, ile pete ya chuma inayolishikilia tairi lisichomoke. Sasa wanaosha rimu. Sasa wanapaka povu la sabuni kwenye midomo ya tairi alilolileta ili liteleze, tena ni sabuni yangu ya kufulia, sikuulizwa. Mama akacheka. Harufu ya mpira, sabuni na mchanga uliolowa ilikuwa imejaa uani. Kule bandarini meli ililia mara moja, ndefu, halafu hakuna kitu isipokuwa cherehani yangu na nyundo, cherehani na nyundo, mpaka nikawa sijui ni mkono gani unaofanya kazi gani.

Wakati wa kujaza upepo fundi alilizungushia tairi mnyororo, akatufukuza wote.

"Shosho naye arudi nyuma kabisa," alisema, maana kwao bibi huitwa shosho. "Hii ringi ikiruka haina undugu na mtu."

Tukarudi ndani, tukasimama mlangoni. Kompresa ikaanza kukoroma, na tairi likavimba taratibu, mikunjo yake ikanyooka mmoja mmoja, hadi midomo ikakaa mahali pake kwa kishindo kilichowarusha kuku wote. Mama alinishika mkono. "Linapumua," alisema. Na kweli, kwa namna alivyosema, mimi pia nikaliona linapumua.

Lakini matairi yalikuwa makubwa kuliko lori lilivyozoea. Usukani ukikatwa, meno yaligonga madigadi, yale mabati ya kuzuia tope juu ya magurudumu. Mume wangu akayakata madigadi kwa mashine ya kukatia chuma, na cheche zikamwagika uani. Mama aliziona. Aliniambia anaona nyota mchana, akawa anageuza uso huku na huku kuzifuatisha, anacheka kama msichana, na mimi nikaacha kushona kwa sababu sikuona tena sindano. Nilikuwa nalia, sina haja ya kuficha. Nilimwambia mume wangu kwa ishara asiache, naye akaendelea kukata hata pale ambapo hapakuhitaji kukatwa.

Baada ya madigadi, yakagonga springi. Akachomeka vipande vya chuma juu ya springi kuliinua bodi. Lori likapanda. Akalizunguka, akalitikisa, akaona bado, akaongeza kipande. Likapanda tena. Fundi aliingiza kichwa chini yake bila kuinama sana, akapiga mluzi.

"Mzee, hii si gari tena," alisema. "Hii ni ghorofa."

Mume wangu alifurahi. Alikuwa amempigia binamu yangu kule nyumbani, akamwomba aingie mtoni na amwambie maji yanafika wapi. Binamu akaingia, akatoka, akasema yamefika kifuani na pembeni yanavuta. Mume wangu alichukua fito, akajipima kifuani, akaitia alama ya mkaa, akaisimamisha kando ya injini. Kisha akapima ekseli kwa kina cha tope. Akapima urefu wa ekzosi ya kutolea moshi, akaipandisha juu kwa bomba. Kila jioni alilizunguka lori na fito yake, anapima, anaguna, anaridhika. Na mimi, ninayeishi kwa futi ya kupimia watu, ninayejua kiuno cha kila mtoto wa mtaa ule, nilikuwa nimekaa pale pale barazani nikimtazama akipima.

Asubuhi ya safari kina mama wa kanisani walikuja kutuombea. Mvua ilikuwa imekatika tangu jana yake, na binamu alisema mto umepungua, lakini juu milimani kunanguruma, tusichelewe. Tukaomba. Tukasema amina. Nikamshika mama mkono hadi kwenye mlango wa lori, nikaufungua, na hapo ndipo sote tulipoona.

Kidato cha kupandia kilikuwa usawa wa kifua cha mama.

Aliyecheka kwanza ni mama mwenyewe. Alipapasa kile chuma kwa viganja viwili, akauliza, "Hili ni dirisha?" Basi hapo kina mama wakavunjika mbavu. Mimi nilimfuata mume wangu upande wa pili nikiwa nimefura.

"Umepima mto, umepima tope, umepima mpaka moshi. Mama hukumpima?"

Alikuwa akimchungulia kupitia chini ya lori, ambako kuliweza kuonekana miguu tu. Alinong'ona, "Ni mfupi kiasi hicho?"

"Miaka yote hii akija umekuwa naye nyumba moja!"

"Nimekuwa naye," akasema. "Sijamtazama."

 Heshima ilikuwa imefanya kazi yake. Mtu alijua mama anapenda chai ya tangawizi, alijua anakoroma, alijua wimbo gani wa kitabu cha tenzi humtoa machozi, lakini hakujua anamfika wapi. Na kumwuliza angemwuliza nani? Angeniuliza mimi, na mimi nilikuwa nahesabu vifungo vya sare.

Jirani akatoa meza. Juu ya meza tukaweka kigoda. Kina mama wakampandisha kwa nyimbo na vigelegele, mmoja anamsukuma, mwingine anamvuta, fundi wa pancha amesimama kando anauliza kama shosho amekata tikiti ya ndege. Mume wangu alikuwa amegeukia ukuta wakati wote. Mama akakaa dirishani, mimi katikati, mume wangu kwenye usukani. Nilikuwa ukuta wao, kama kawaida.

Njiani niliona mambo ambayo sijawahi kuyaona na nimekaa Changamwe nusu ya maisha yangu. Tulikuwa juu mno. Niliona ndani ya nyua za watu kupita kuta zao: nguo kwenye kamba, mwanamke anasuka mwenzake, mbwa amelala juu ya tangi la maji. Yote yalipita chini yetu bila sauti, kwa sababu injini ilimeza kila sauti. Mita ya mwendo nayo ilikuwa inadanganya. Mume wangu alieleza kwamba gurudumu likiwa kubwa, lori hukimbia kuliko linavyojiona. Nilimwambia mama, akasema hata yeye anaona hivyo hivyo, kwamba maisha yake yote alidhani anakwenda polepole. 

"Tumefika wapi?"

"Mazeras, mama."

"Niambie."

Nikamwambia. Tulipoacha lami, udongo ukawa mwekundu, minazi ikaachana, hewa ikaanza kunuka kwetu. Kisha mama akaninong'oneza sikioni kwamba anataka kujisaidia.

"Vumilia, mama, si mbali sana."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema.

Tukasimama. Hapakuwa na nyumba wala mtu, vichaka vilivyolowa pande zote mbili na wingu jeusi limekaa juu ya milima tunakoelekea. Nikashuka, nikampokea. Alijiachia kwa imani yote, akaniangukia, tukaanguka wote kwenye tope tukicheka hadi nikaogopa hatahitaji tena kwenda kichakani. Alikwenda. Alirudi. Na hapo ndipo kicheko kilipoisha.

Hatukuwa na meza. Nilijaribu kumsukuma kutoka chini, mguu wake haukufika. Nikashusha sanduku la spana alikanyage, likazama topeni. Nikapiga magoti nikamwambia akanyage mgongo wangu, akakataa, akasema hakunizaa niwe ngazi. Nikamkumbatia kiunoni nikamnyanyua, nikateleza, goti likagonga kidato nikaona nyota zangu mwenyewe. Mama alianza kutetemeka kwa baridi. Kule milimani kukanguruma. Mvua ikinyesha kule, mto ungejaa, tungegeuza, na nani ajuaye kama tungekuja tena mama angali na cha kuonea.

Mume wangu alikuwa nyuma ya lori, amewageukia miti.

"Njoo!" nikapiga kelele.

"Mwambie mama..." alianza.

"Simwambii mtu kitu!" Nilikuwa nimelowa, nimeumia, na hasira ilikuwa imenifika hapa. "Leo sitaki kutumwa! Mto unajaa!"

 Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bodi. Kisha mama, amelishikilia tairi kwa mkono mmoja asianguke, akasema kwa sauti ambayo haikunilenga mimi, "Lisilobudi hutendwa. Baba, njoo unipandishe."

Kwa miaka yote ile hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia mume wangu ana kwa ana.

Akaja. Alikuja macho chini, anajifuta mikono kwenye shati, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayekwenda kupokea ushirika. Aliniomba leso kwa ishara. Nikafungua niliyojifunga juu, akamzungushia mama kuanzia mabegani hadi magotini ili mkono wake usiguse mwili. Halafu akafumba macho, akamnyanyua.

"Fungua macho," mama akasema. "Utaniangusha."

Akayafungua. Uso wake ulikuwa karibu na wa mama kama nilivyo karibu na karatasi hii. Jua lilikuwa limepata upenyo kwenye wingu, na mwanga ulikuwa mweupe, umewamwagikia wote wawili. Mume wangu alipiga hatua kwenda mlangoni.

"Ngoja," mama akasema.

Akasimama. Mama akatoa mkono mmoja ndani ya leso, akamshika kidevu, akauzungusha uso wake taratibu, huku kidogo, huku kidogo, akiupitisha kwenye lile tundu lake. Alimtazama kuanzia paji hadi shingoni. Hakuharakisha. Mume wangu alimshikilia vile vile, na uzito haukumsumbua, maana mama alikuwa mwepesi kuliko jiwe lolote la Mwakirunge. Nilitaka kusema jambo na nikaona hapo hapakuwa na nafasi yangu.

"Haya," mama akasema mwishowe. "Nipandishe."

Tukaondoka. Mume wangu alikuwa anapangusa macho kwa kiwiko, akijidai ni jasho. Kwetu ukivunja heshima ya ukwe hutoa kitu ili mambo yarudi mahali pake, na baada ya kitambo alisema, huku akiitazama barabara, "Nitatoa leso."

"Iwe nyekundu," mama alisema, akimjibu moja kwa moja kupitia mbele ya pua yangu. "Niione."

Mto tuliukuta umeanza kupanda, rangi ya chai ya maziwa, umebeba vijiti. Watu wa ng'ambo walitupungia mikono turudi. Mume wangu hakupunguza wala hakuongeza, aliliingiza lori kwa gia ndogo, na maji yakaja mpaka chini ya mlango, yakagonga, yakatusogeza upande kidogo hadi nikataja jina la Yesu, kisha yale meno marefu yakashika mchanga chini na kutupandisha ukingoni. Ule udongo mweusi tuliupita tukinguruma. Tulipofika nyumbani watoto waliukimbia ule mlio, halafu wakarudi. Wanaume wa kwetu wakaleta kiti, wakamshusha mama kwa kiti hicho, wakampeleka hadi kitandani kwa mdogo wake.

Nyumba ile ina dirisha moja, nalo lilikuwa limezibwa kwa sababu ya mvua. Moto ulikuwa ukifuka moshi kwenye mafiga. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, wakashikana mikono, wakalia kidogo kwa lugha ya utoto wao. Nikawasha tochi ya simu, nikaielekeza usoni mwa mama yangu mdogo ili mama apate kile alichokifuata.

Sikumtambua. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Meno ya mbele hayakuwapo. Nywele zilibaki kidogo tu, nyeupe, zimelala.

"Zima hiyo, mwanangu," mama alisema bila kugeuka. "Wamchoma macho. Mimi namwona."

Nikazima.

"Hujabadilika hata kidogo," mama akamwambia. "Mashavu ni yale yale. Na mwanya wako huo, uliowatia watu wazimu, upo vile vile."

Mama yangu mdogo alinitazama kupita bega la dada yake. Alikunja midomo ndani, kama mtu anayejizuia kukohoa, akakaa hivyo kidogo.

"Upo, dada," alisema. "Upo."

Akamvuta dada yake karibu. Kisha akauliza, "Nani amekuvusha na mto umekuja?"

"Mkwe wangu."

"Yule wa mawe?"

"Huyo huyo. Ana kovu chini ya jicho la kushoto, dogo, kama alama ya kucha. Ndevu zake zimeota mvi upande mmoja, upande wa pili bado. Na anatokwa na machozi upesi, maskini, mwanamume mkubwa vile. Nimemtazama leo njiani, mdogo wangu. Nimemtazama vizuri."

Nikatoka nje.  Mume wangu alikuwa mbali na mlango, kama impasavyo, anachokoa majani kwenye meno ya matairi kwa kijiti. Aliponiona alikitupa kile kijiti.

"Tumewahi?" akauliza.

Nilimkaribia. Kovu lilikuwapo, chini ya jicho la kushoto, na mimi niliyelala kando yake miaka yote ile nilikuwa nimelisahau. Nikamshika uso kwa mikono miwili mbele ya watu wote wa kwetu, naye akaona haya, akajaribu kuinama, sikumwachia.

"Wewe umewahi kuonwa," nikamwambia.